Herufi Zisizojua Kutisha

Wifi yangu ni mwembamba kama ufito. Akipita barabarani na ngazi begani hujui ni yeye kaibeba ngazi au ngazi imembeba yeye. Lakini mtaa mzima unamwita Kibonge. Wageni wakisikia jina hilo wanatafuta mama mwenye mashavu. Sijui ni mara ngapi mtu amebisha hodi kwetu, wifi akamfungulia yeye mwenyewe, mtu yule akasema, "Dada, niitie Kibonge." Naye humjibu, "Ndiye mimi. Unono wote nimeuacha ukutani."

Jina alipewa kwa sababu ya herufi zake. Yeye ni fundi wa kuandika mabango na kuta za maduka, na herufi zake ni nene, za mviringo, hazina kona hata moja. Hata zile ambazo shuleni tulifundishwa kuwa zina pembe, kama E na T, kwake pembe zimelainika kama kipande cha sabuni kilichoogewa wiki nzima. B yake ina matumbo mawili, na la chini limeshiba zaidi. S yake imejikunja kama paka aliyepata jua. O imejaa, na katikati yake pana tundu dogo la kupitisha kidole. Matundu hayo anayaita vitovu.

"Herufi isiyo na kitovu bado haijazaliwa," husema.

Nilidhani ni maneno ya kuchekesha tu, mpaka siku moja aliponisimamisha ng'ambo ya barabara nitazame kazi yake. Kitovu kikiwa kidogo mno, ukiwa mbali unaona doa tu la rangi. Kikiwa kikubwa mno, herufi inakonda na kuonekana mgonjwa. Ufundi wote upo kwenye kitovu. Yaliyobaki, anasema, ni kopo la rangi na miguu isiyoogopa ngazi.

Mkono huo aliupata kwenye keki. Kabla ya kuolewa na hata baada ya kufiwa na mume, alifanya kazi kwenye bekari, miaka tisa, akiandika juu ya keki kwa mfuko wa krimu. Krimu haijui kona. Ukiibana inatoka nene, ukiiachia inajikunja na kulala. Mkono ukazoea hivyo. Bekari ilipofungwa akarudi kuishi na sisi, yaani mimi na kaka yake, akawa hana la kufanya ila kunikosoa ninavyofagia. Ndipo mwenye duka la maziwa, aliyekumbuka keki ya harusi ya dada yake, akamwomba aandike MAZIWA ukutani. Wifi akaandika kwa rangi nyeupe yenye ukingo wa buluu. Kesho yake mtoto wa jirani akakutwa akiilamba ile M.

Mama wa mtoto alikuja juu kama maji ya kuchemka. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mama, shukuru hajafika herufi ya pili."

Tangu siku hiyo kazi zikamiminika. Saluni, duka la magodoro, kinyozi, muuza mito, shule ya chekechea. Magodoro hasa. Mwenye duka aliapa kwamba wateja wakilitazama lile neno wanapiga miayo. Palipohitajika neno moja au mawili, la kumvuta mtu aliye mbali, hakuna aliyemfikia.

Lakini herufi zile zina tabia zake, na mtu akizilazimisha anajuta. Kwanza hazipendi maneno mengi. Zahanati ilimwita aandike masharti ya wagonjwa, masharti kumi na manne. Alipofika sharti la tatu ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha. Akapinda kona, akaendelea, na sharti la nne likamalizikia juu ya mlango wa choo. Mganga akatoka, akasoma akitembea, akarudi akihema. "Fundi," akasema, "huyu mgonjwa mpaka amalize kusoma, atakuwa amepona au amezidiwa."

Pili, hazijui kutisha. Hili ndilo lililotuletea mambo.

Tulilijua mapema, ila hatukulitilia maanani. Mzee mmoja wa mtaa wa juu ana mbwa mkubwa asiye na mchezo. Alimwomba wifi aandike MBWA MKALI getini. Wifi akaandika vizuri sana. Kuanzia wiki hiyo watoto wakawa wanagonga geti na kuomba waonyeshwe mbwa. Mmoja alikuja na kitana. Mzee akaenda akamlaumu wifi mbele za watu: "Nilitaka watu wakimbie, wewe umenifungulia bustani ya wanyama!" Watu wakacheka. Wifi naye akacheka, lakini mimi ninayeishi naye nilijua limemwingia. Usiku ule alikula kidogo, akaniuliza, "Wifi, kweli mimi siwezi kumtisha mtu?" Nikamwambia, "Unanitisha mimi kila siku ukiingia jikoni kwangu." Hakucheka.

Basi, mbele ya shule ya chekechea, ng'ambo ya njia, kuna kiwanja ambacho mwenyewe alianza kujenga ghorofa. Alichimba msingi mrefu wa kutisha, kisha akasafiri, na mvua ikaujaza maji. Kiwanja kilizungushiwa mabati, ila palipokusudiwa geti paliachwa wazi. Mbao zilipigwa pale mara mbili, na mara mbili zikaishia kwenye meko ya watu. Mwalimu mkuu wa chekechea, mama mmoja mpole lakini akisema neno halirudi, akamwita wifi. Wakati simu za kumtafuta mwenye kiwanja zinaendelea, akasema, angalau paandikwe HATARI, herufi kubwa, kila mtu aone.

Wifi alirudi nyumbani macho yanang'aa. "Safari hii," akaniambia, "watanikoma."

Alipaka siku ya Alhamisi. Rangi nyekundu iliyoiva, ukingo mweupe, herufi sita zimeenea kwenye mabati kando ya ule uwazi. Mungu ni shahidi, lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Zile A mbili zilisimama kama wamama wawili wanene waliokutana sokoni, na R pembeni yao imetanguliza mguu kama inataka kucheza. Nilimpelekea uji kazini, nikasimama kutazama, nikasahau kumpa. Mama mmoja aliyekuwa akipita akauliza, "Panafunguliwa nini hapa? Aiskrimu?"

Hapo tungepaswa kuelewa. Lakini wifi alikuwa juu ya ngazi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuunywa ule uji.

Nina mjukuu wa miaka mitano anayeishi nasi, binti wa mwanangu wa pili. Anasoma pale chekechea, na anampenda bibi yake Kibonge kuliko anavyonipenda mimi, jambo ambalo nimelikabidhi kwa Mungu. Ijumaa mchana alirudi na mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine hauna kitu, unga mwekundu wa rangi kwenye vidole.

"Kiatu kiko wapi?"

"Kimeingia majini."

"Maji gani?"

"Ya kwenye herufi za bibi Kibonge." Akanionyesha kidole. "Bibi, tumeweka vidole kwenye vitovu vyote! Vitatu! Halafu tukapanga foleni, wengine wakakosa nafasi, ndiyo nikasimama kule pembeni."

Nilikwenda mbio, na mimi si mtu wa mbio. Mabati yale yalikuwa na alama za viganja vidogo kuanzia H mpaka I. Hatua mbili kutoka herufi ya mwisho ndipo uwazi ulipo, na udongo wa pale ukingoni ulikuwa umemeguka upya. Chini, kwenye maji ya kijani, kiatu cha mjukuu wangu kilikuwa kinaelea kimegeuzwa juu chini, na ganda la ndizi liko kando yake. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu mpaka nikaishiwa maneno, nikaanza upya.

Mwalimu mkuu alinikuta hapo. Watoto hao walimponyoka mlinzi wakati wa kwenda nyumbani, akasema, wote pamoja, kama kuku waliomwagiwa mtama. Wifi alipofika, mwalimu hakupandisha sauti.

"Fundi, herufi zako nazipenda. Hata mlango wa ofisi yangu umeuandika wewe. Lakini watoto wangu hawajui kusoma. Wanachosoma ni umbo. Na umbo lako linawaambia njooni."

Wifi alikitazama kile kiatu majini. Mwalimu akaendelea: leo na kesho atakaa mtu pale, na Jumapili pia, lakini Jumatatu asubuhi watoto mia moja watapita njia ile, na wote wameshasikia habari za vitovu. Kama hadi Jumatatu pale hapajawa mahali pa kuogopwa, atafunga shule mpaka mwenye kiwanja apatikane.

Jumamosi yote wifi alikuwa uani na ubao na kopo la rangi nyeusi, anajaribu kuandika HATARI ya kutisha. Mimi nilikuwa nafua, naona kila kitu. Ya kwanza aliibana iwe nyembamba. Ikatoka kama mtu mnene aliyevaa suruali ya mwanawe. Ya pili akaweka pembe kila mahali, lakini mkono ukifika penye pembe ulikuwa unapinda wenyewe, polepole, kama mtu anayekwepa kumkanyaga paka. Ya tatu akaitilia meno. Mjukuu akaja akaitazama, akasema, "Inacheka."

Wifi akaweka brashi chini.

"Wifi," akaniambia, "nimeandika miaka yote hii nikijisifu kwamba herufi zangu zinaita watu. Sasa nimemwita mtoto shimoni."

"Hujamwita wewe."

"Mkono wa nani ule?"

Nilikamua shuka. Baadaye nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kile kiatu kilichobaki kiko mapajani mwake, anakipiga brashi ya viatu kana kwamba mwenzake yuko njiani anarudi. Aliniambia Jumatatu atarudisha ngazi kwa aliyemuuzia na kutafuta kazi ya kupika kwenye mkahawa. Nilipofumba macho kuomba usiku huo nilimwombea yeye kabla ya kujiombea mwenyewe, na kwa kawaida huwa anakuja wa tano.

Jumapili niliondoka mapema kwenda kanisani. Wifi alikuwa bado amelala, kwa hiyo nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa mkaa: NIPO IBADANI. UFUNGUO WA STOO KWA JIRANI. Nikakiegemeza mlangoni, nikaenda zangu.

Lazima niseme kitu kuhusu mwandiko wangu. Nilimaliza darasa la saba, nasoma vizuri, Biblia yangu nimeimaliza mara nne. Lakini kuandika! Mwalimu wetu wa darasa la nne aliwahi kulinyanyua daftari langu mbele ya wenzangu akasema, "Huyu ni kuku aliyekanyaga wino, tena kuku mwenyewe anakimbia mwewe." Na mwandiko haukutengemaa baadaye. Herufi zangu zina miiba. Zinainama kila moja upande wake kama wagomvi waliotenganishwa sasa hivi. Mume wangu huwa anasema barua zangu za uchumba alizifungua kwa kutumia koleo.

Niliporudi kutoka ibadani nilimkuta wifi amekaa chini mbele ya mlango, ameliweka lile boksi mbele yake, machozi yanamtiririka. Nikashtuka. Kumbe ni kicheko.

"Wifi," akasema akishika mbavu, "nimetoka na usingizi wangu, nimeliona hili, nimerudi ndani nikafunga mlango!"

"Acha mzaha wako, leo Jumapili."

"Sina mzaha. Nilidhani kuna mtu anataka kutuua. Hebu tazama hii R! Imeshika nini, panga?" Kisha akaniangalia jinsi anavyouangalia ukuta kabla ya kuupima. "Vaa nguo chakavu."

"Za nini?"

"Utaandika HATARI."

Nikamwambia hapana mara tatu. Nikamwambia leo ni siku ya Bwana. Akaniuliza, "Mtoto akitumbukia kesho asubuhi, Bwana utamwambia ulikuwa unapumzika?" Nikaenda kuvaa nguo chakavu.

Tulipofika, kwanza alifuta kazi yake mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Alichovya brashi pana kwenye rangi ya kijivu, akaanzia herufi ya mwisho akirudi nyuma. Ile I ikaenda kwa mapigo mawili. Alipofika kwenye R akasimama, akaweka kidole kwenye kitovu chake kama watoto walivyofanya, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mama. Ulizaliwa vizuri, mahali pabaya." Kisha akapaka. Nilijifanya natafuta kitu kwenye kapu.

Mabati yalipokauka akanipa brashi na kopo la rangi nyeusi. Mkono wangu ulitetemeka, na hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

"Vizuri! Tetemeka hivyo hivyo!"

"Hii H imelala."

"Iache. Imepigwa."

"Ngoja nilinyooshe hili guu la A..."

"Ukilinyoosha sikupi chakula! Umeliharibu vizuri, usiliguse. Sasa R. Kumbuka mtu aliyekukosea."

"Sina mtu niliyemwekea kinyongo."

"Kumbuka mwalimu wa darasa la nne."

Basi R ile ilitoka na mguu kama mkuki. Nilipomaliza, rangi ilikuwa imechirizika kutoka kila herufi mpaka chini, na mimi nina rangi kwenye kitambaa cha kichwa. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alitazama, akashuka, akaikokota baiskeli yake mpaka upande wa pili wa njia, akapanda tena.

"Umeona?" wifi akaninong'oneza. "Na huyo ni mtu mzima."

Lakini hakuwa amemaliza. Alisema mtoto ukimfukuza tu, atazunguka na kurudi. Lazima umwonyeshe pa kwenda. Nyuma ya shule, ndani ya uzio, kuna uwanja wa majani ambao watoto walikuwa hawautumii, na ukuta wake ni mweupe mtupu. Mwalimu mkuu akatufungulia. Wifi alipaka mpaka jua likazama: CHEZA HAPA, rangi ya njano yenye ukingo wa chungwa. Ni maneno mawili tu. Na kwa vile watoto walishaonja utamu wa vitovu, akaviteremsha vyote vitatu vya kwenye HAPA viwe kimo cha mtoto, na kitovu cha P akakipaka buluu ili wagombanie.

Jumatatu tulisimama kwenye kona ya njia kabla ya saa moja na nusu, mimi, wifi na mwalimu mkuu. Sikumshika wifi mkono; yeye ndiye alinishika, akauminya mpaka pete ikaniumiza.

Kundi la kwanza lilikuwa la watoto saba, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mbele, amevaa viatu vya ibada kwa kuwa vya shule vimebaki kimoja. Walikuja mbio moja kwa moja kuelekea kwenye mabati. Mwalimu akapiga hatua. Wifi akamzuia. "Ngoja."

Hatua kumi kabla ya kufika, mjukuu akasimama. Wenzake wakamgonga kwa nyuma. Wakatazama. Mmoja akajificha nyuma ya mkoba wa mwenzake.

"Imekasirika," mjukuu akasema.

"Nani kaikasirisha?" mwenzake akauliza.

"Sijui. Twendeni."

Wakarudi nyuma wakiitazama, hawataki kuipa kisogo. Walipoingia getini mwa shule, tukasikia kelele kutoka nyuma ya jengo. Waliouona ukuta wenye herufi za njano walikuwa wanawaita wengine. Watoto waliokuwa bado njiani wakageuka kama maji yanayofunguliwa, wakapita mbele yetu, na ndani ya dakika chache hakukuwa na mtoto hata mmoja upande wa lile shimo. Mwalimu mkuu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Wifi akaniachia mkono.

Mwenye kiwanja alipatikana baada ya wiki tatu, akaleta malori ya udongo, akafukia. Kiatu hakikuonekana. Kile kilichobaki wifi amekitundika kwenye msumari juu ya brashi zake. Mtu akimletea kazi anakiangalia kwanza. Wiki iliyopita alimkataa mtu wa dawa za panya. "Hapana, baba," akamwambia, "nikikuandikia mimi, watainywa." Ngazi yake ipo.

Nami nilidhani nimemaliza. Juzi jioni nilikuwa chumbani, nimepiga magoti, nikasikia hodi. Alikuwa mzee wa mtaa wa juu, mwenye mbwa.

"Shikamoo baba," wifi akasema mlangoni.

"Marahaba. Leo sikuja kwako." Akakohoa kidogo kwa aibu. "Nimemfuata shemeji yako... wifi yako... yule mama anayeandika vibaya."

Nikasema amina haraka kuliko inavyofaa, nikatoka. "Ndiye mimi, baba."

"Naomba uniandikie getini. Kama ulivyoandika pale kwenye mabati. Usijitahidi."

Wifi alikuwa ameuma kanga yake asicheke. Nikamwambia mzee nitakuja kesho, Mungu akipenda, baada ya kufua. Alipoondoka wifi aliingia stoo, akatoka na brashi na kopo la rangi nyeusi, akaketi kwenye kigoda akaanza kuikoroga.

"Nakuchanganyia, fundi," akasema.

Miaka ishirini na miwili tunaishi nyumba moja. Ni mara yake ya kwanza kuniita hivyo, na siku hiyo hakunikosoa hata nilivyofagia.